Ndege za wakubwa: nani ana haki ya kuzitazama na kuzipiga picha?

BUKAVU – Jumapili tarehe 12 Februari 2012, ndege ndogo ya abiria aina ya Gulfstream IV ilitua Kavumu, ikashindwa kusimama kabla ya mwisho wa njia yake, ikatumbukia bondeni. Ndani yake walikuwamo wakubwa wa nchi: Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu sana wa rais Joseph Kabila, waziri wa fedha Augustin Matata Ponyo, gavana wa Kivu Kusini Marcellin Cisambo, na Antoine Ghonda, balozi wa rais. Katumba alikufa, na marubani wote wawili walikufa. Watu wawili waliokuwa ardhini karibu na uwanja, ambao hawakuwa na safari yoyote siku ile, walikufa pia. Matata Ponyo, Cisambo na Ghonda waliumia lakini walipona, na miezi miwili baadaye Matata Ponyo aliteuliwa kuwa waziri mkuu.

Ndege ile ilikuwa na jambo moja ambalo mtu yeyote aliyesimama Kavumu angeweza kulisoma kwa macho. Namba yake ilianza na herufi N. Ndege iliyoandikishwa Kongo huanza na 9Q. Herufi N ni ya Marekani. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya uongozi wa nchi ilikuwa imepanda ndege ambayo haikuandikishwa katika nchi hii na haikuwa ya jeshi la taifa. Mkaaji anayejua kusoma namba hiyo anaweza kuuliza maswali ya haki: ndege ni ya nani, nani analipa, nani anaikagua?

Katika nchi nyingi kuna watu ambao kazi yao ya mapumziko ni hiyo tu: kusimama nje ya ukuta wa uwanja wa ndege, kutazama, kuandika namba na kupiga picha. Wapo wanaopenda ndege za abiria wa kawaida. Wapo wanaozifuata zaidi ndege za jeshi zinazobeba marais, mawaziri na wabunge. Huko kwao wanaonekana kama wavuvi au wacheza karata, watu wenye mapenzi yao yasiyomsumbua mtu. Kwetu Bukavu, kunyoosha simu kuelekea ndege ya aina hiyo kunaweza kukupeleka katika chumba cha mahojiano, au pabaya zaidi.

Habari hii inaeleza watazamaji hao wanafanya nini, picha zao zimesaidia nini, kwa nini askari wanaziogopa, na mkaaji wa Kivu afanye nini ndege ya mkubwa inapopita juu ya kichwa chake.

Ndege ya jeshi yenye viti vya ngozi

Watu wengi wakisikia "ndege ya jeshi" wanafikiri mabomu. Lakini nchi nyingi huwabebesha viongozi wao katika ndege za abiria zinazoendeshwa na jeshi la anga. Kwa nje ni ndege zilezile tunazozijua: Boeing, Airbus, Gulfstream, Fokker. Ndani zina ofisi, vitanda, na mitambo ya mawasiliano ya siri.

Marekani inatumia Boeing 747 mbili zilizogeuzwa kwa ajili ya rais, na jeshi huziita VC-25A. Jina "Air Force One" ambalo watu wamelizoea si jina la ndege. Ni jina la kuitia redioni, na linapewa ndege yoyote ya jeshi la anga la Marekani wakati rais yumo ndani. Makamu wa rais na mawaziri hupanda Boeing 757 inayoitwa C-32. Wabunge na maofisa wengine hupanda Boeing 737 inayoitwa C-40. Ufaransa ina Airbus A330 ya rais, nayo iko chini ya jeshi la anga.

Karibu nasi, rais wa Kenya amekuwa akibebwa na Fokker 70 ya jeshi la anga la Kenya tangu katikati ya miaka ya 1990. Tanzania inayo Gulfstream G550 inayosimamiwa na wakala wa ndege za serikali, si jeshi. Iliponunuliwa wakati wa rais Benjamin Mkapa, ilizua kelele kubwa. Maneno yaliyohusishwa na waziri wa fedha wa wakati ule, Basil Mramba, kwamba ndege ya rais itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale majani, Watanzania wanayakumbuka mpaka leo.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Ndege ya kiongozi ni gari la serikali kama magari mengine, ila ni ghali kuliko yote. Inanunuliwa au kukodishwa kwa pesa za watu. Wakati huohuo, ni mahali ambapo uhai wa kiongozi uko wazi zaidi, hasa dakika chache za kupaa na za kutua. Raia ana sababu ya kutaka kuiona, na mlinzi ana sababu ya kutaka kuificha.

Wanazitambua namna gani

Mtazamaji wa ndege anaanza na vitu vinne.

Cha kwanza ni namba iliyoandikwa nyuma ya ndege au kwenye mkia. Herufi za mwanzo zinataja nchi: 9Q ni Kongo, 9XR ni Rwanda, 9U ni Burundi, 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Ndege za jeshi mara nyingi zina namna yao. Za jeshi la Kongo huanza na 9T. Ile Airbus ya rais wa Ufaransa imeandikwa F-RARF.

Cha pili ni umbo: idadi ya injini, mahali zilipofungwa (chini ya mabawa au karibu na mkia), ncha za mabawa, idadi ya madirisha. Gulfstream ina injini mbili nyuma, karibu na mkia. Boeing 737 ina mbili chini ya mabawa. Boeing 747 ina nne, na nundu mbele.

Cha tatu ni rangi na maandishi. Wakaaji wa Kivu walijifunza hili zamani bila mwalimu, kwa sababu ya ndege na helikopta nyeupe zenye herufi UN. MONUSCO ilipoondoka Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024, hata watoto wa Kavumu walikuwa wanajua kuzitofautisha na nyingine.

Cha nne hakionekani kwa macho. Ndege nyingi za leo zinatuma ishara ya redio kila mara, zikitaja namba yao ya utambulisho, urefu wa anga, mwendo, na mahali zilipo. Ishara hiyo haina kufuli. Mtu mwenye antena ndogo na kompyuta anaweza kuipokea akiwa nyumbani. Tovuti kama Flightradar24 ya Sweden na ADS-B Exchange zinakusanya ishara kutoka kwa maelfu ya watu wa namna hiyo, kisha zinaonyesha ndege kwenye ramani. Flightradar24 huficha baadhi ya ndege wenye nazo wakiomba. ADS-B Exchange imejulikana kwa kutoficha.

Lakini hapa kwetu lazima tuongeze neno. Ishara hiyo inakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima unaizuia. Mashariki mwa Kongo milima ni mingi na antena ni chache. Kwa hiyo ndege inayoshuka chini katika eneo letu inaweza kutoweka kwenye ramani ingawa inaendelea na safari yake salama. Rubani wa jeshi naye anaweza kuzima ishara kwa makusudi. Mara ngapi tumeona katika vikundi vya WhatsApp mtu akituma picha ya ramani na kuandika kwamba ndege ya mkubwa fulani "imepotea"? Kupotea kwenye ramani si kuanguka. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna antena iliyoisikia.

Picha zilizosema ukweli

Tarehe 26 Desemba 2018, rais Donald Trump alikuwa njiani kwenda Irak kuwatembelea askari wa Marekani katika kambi ya Al Asad. Safari ilikuwa ya siri. Mtu mmoja wa Sheffield, Uingereza, aliona ndege kubwa ya injini nne ikipita juu sana na kung'aa kwa jua. Alipiga picha akaiweka kwenye intaneti. Wenzake waliitazama rangi ya bluu na nyeupe, wakajua ni VC-25A. Kabla ya Ikulu ya Marekani kusema neno, wapenzi wa ndege walikuwa tayari wanajadili rais anakwenda wapi.

Tarehe 2 Agosti 2022 ilikuwa zamu ya Nancy Pelosi, spika wa bunge la Marekani. Boeing C-40C ya jeshi iliondoka Kuala Lumpur ikiwa na jina la redio SPAR19, ikazunguka mbali na bahari ya China Kusini, ikatua Taiwan. China ilikuwa imetoa vitisho. Watu milioni 2.92 waliifuata safari hiyo kwenye Flightradar24, wengi kuliko waliowahi kuifuata ndege nyingine yoyote hadi siku ile.

Hayo mawili yanaweza kuonekana kama michezo ya watu wenye umeme wa kutosha. Lakini namba ya ndege imewahi pia kufungua milango ya magereza ya siri. Oktoba 2001, mwandishi wa habari wa Pakistan, Masood Anwar, aliandika kwamba usiku mmoja kwenye uwanja wa Karachi mtu alikabidhiwa kwa Wamarekani na kupakiwa katika Gulfstream yenye namba N379P. Namba hiyo ilibaki gazetini. Miaka iliyofuata, watazamaji wa ndege katika viwanja vya Ulaya walikuta katika madaftari yao tarehe na picha za ndege hiyohiyo. Waandishi na wachunguzi waliziunganisha na safari ambazo shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kupeleka washukiwa kwenye mahojiano ya mateso katika nchi nyingine. Watu waliopiga picha hawakujua walichokishika. Walikuwa wameandika tarehe, mahali na namba, basi.

Afrika pia imeguswa. Mwaka 2016, mwandishi wa Uswisi François Pilet alianzisha programu iliyotangaza yenyewe kwenye Twitter kila mara ndege ya utawala wa kiimla ilipotua au kupaa Geneva. Mwaka 2018, waandishi wa mtandao wa uchunguzi wa OCCRP walihesabu safari za rais Paul Biya wa Kamerun. Walipitia matoleo ya zamani ya gazeti la serikali, siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Walikuta kwamba katika miaka 35 ya utawala wake alikuwa amekaa nje kwa ziara binafsi jumla ya karibu miaka minne na nusu. Kwa hesabu yao, hoteli peke yake ziligharimu kama dola milioni 65. Hakuna aliyelazimika kuvamia uwanja wa ndege. Yote yalitoka katika mambo ambayo tayari yalikuwa yameonekana hadharani.

Kwa nini askari wanaogopa kamera

Lakini haifai kumcheka askari anayekataza picha, kana kwamba hofu yake ni ya ujinga. Sisi wa maziwa makuu tunajua kuliko wengi ndege ya kiongozi inaweza kuleta nini.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, Falcon 50 ya rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, iliyotoka Dar es Salaam, ilipigwa kombora ikikaribia kutua Kigali. Alikufa yeye, alikufa rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakafa wote waliokuwamo, watu 12. Ubishi juu ya nani alirusha haujaisha hadi leo. Kilichofuata ni mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, kisha bahari ya wakimbizi iliyovuka Ruzizi na kujaza Bukavu, kisha vita ambavyo bado tunaviishi.

Miaka minne baadaye, tarehe 10 Oktoba 1998, Boeing 727 ya Congo Airlines ilipigwa kombora muda mfupi baada ya kupaa Kindu. Watu 41 walikufa. Waasi wa RCD walidai ilikuwa na askari. Shirika lilisema lilikuwa linahamisha raia, wanawake na watoto wakiwamo. Aliyerusha alihitaji kujua mambo mawili tu: saa ya ndege kuruka na upande inakoelekea.

Kwa hiyo mtu aliyesimama karibu na uwanja na kamera, katika nchi yenye vita, hawezi kushangaa akiulizwa. Hata Ulaya mambo hayo yametokea. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Kalamata, Ugiriki, baada ya kuandika namba za ndege kwenye maonyesho ya jeshi. Aprili 2002 mahakama iliwahukumu, wengine kwa ujasusi na wengine kwa kusaidia. Novemba mwaka huohuo, mahakama ya rufaa iliwaachilia wote. Waamuzi walikubali mwishowe kwamba kuna watu wanaoandika namba za ndege kwa sababu wanapenda tu.

Tofauti yetu na Wagiriki ni kwamba wale 14 walikuwa na mawakili, balozi zao, na magazeti ya nchi zao. Kijana wa Kabare aliyekamatwa na simu yake hana hata kimoja.

Kavumu: uwanja ambao wengi wamepigania

Uwanja wa Kavumu uko kama kilomita 30 kaskazini mwa mji wa Bukavu, katika teritware ya Kabare, ukipita Mudaka na Miti kwenye barabara ya taifa namba 2. Njia yake ya kutulia ina urefu wa mita 2,000 hivi. Kwa ndege nyingi inatosha, lakini haimpi rubani nafasi kubwa ya kukosea, hasa mvua ikinyesha.

Katika vita zote za Kivu, anayetaka Bukavu huanza na Kavumu. Ijumaa tarehe 14 Februari 2025 waasi wa AFC/M23 waliuteka uwanja huo, na siku mbili baadaye walikuwa wameshika mji. Tangu hapo, mlio wa ndege kwa mkaaji wa Bukavu si sauti ya safari tena. Watu wanatoka nje, wanatazama juu, wanaulizana: ni ya nani? Inakuja kutupa nini? Na ng'ambo ya Ruzizi kuna uwanja wa Kamembe, Rwanda, ulio karibu kiasi kwamba si kila mlio unaosikika mjini ni wa ndege inayokwenda Kavumu.

Sheria inasema nini? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, kwa kuheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Lakini kwa miaka mingi viwanja vya ndege, madaraja, kambi na majengo ya serikali vimehesabiwa kuwa mahali pasipopigwa picha bila ruhusa. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia sheria mpya ya vyombo vya habari na sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo inagusa mtu anayesambaza habari za uongo kwenye mitandao. Basi hata anayetuma tu picha ya mwingine anaweza kujikuta mbele ya hakimu.

Na pale ambapo mwenye bunduki ndiye anayesoma sheria, kifungu cha 24 hakizuii risasi. Hilo ni kweli upande wowote wa mstari wa vita.

Hata hivyo, kutojua kuna gharama yake. Tarehe 10 Oktoba 2019, Antonov 72 iliyokuwa ikisindikiza ziara ya rais Félix Tshisekedi mashariki mwa nchi iliondoka Goma kwenda Kinshasa na haikufika. Ilikuwa na watu wanane, akiwamo dereva wa rais. Rais mwenyewe alikuwa amerudi na ndege nyingine. Mabaki yalipatikana Sankuru. Kabla ya hapo zilipita siku za uvumi: kila mtu na yake, mara imetekwa, mara imetua msituni. Familia za wale wanane zilisoma yote hayo kwenye simu zao.

Wachoma makala wa Ndola

Kuna kisa kimoja cha zamani kinachoonyesha kwamba jicho la mtu wa kawaida aliye chini ni ushahidi, hata bila kamera.

Tarehe 17 Septemba 1961, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliondoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda Ndola, mji ulio sasa Zambia. Alikuwa anakwenda kumwona Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ili vita visimame. Safari ilifichwa. DC-6 yake haikupita juu ya Katanga kwa sababu ndege ya kivita ya Katanga ilikuwa tishio. Ilizunguka mashariki kuelekea ziwa Tanganyika, redio kimya. Baada ya saa sita za usiku ilianguka msituni karibu na Ndola. Watu 16 walikuwamo. Mmoja tu alikutwa hai, naye alikufa siku chache baadaye.

Usiku ule, wachoma makala walikuwa kwenye matanuri yao msituni. Baadhi walisema waliona angani zaidi ya ndege moja. Baadhi walisema ndege kubwa ilikuwa na moto kabla ya kugusa miti. Tume ya serikali ya kikoloni ya Rhodesia haikuyapa uzito maneno ya Waafrika hao. Ajali iliandikwa kuwa kosa la rubani.

Miaka 50 hivi ilipita. Mwaka 2011, mwanahistoria Susan Williams alichapisha kitabu kilichorudisha kesi hiyo mbele ya watu. Mwaka 2015, Umoja wa Mataifa uliunda jopo chini ya Mohamed Chande Othman, aliyekuwa jaji mkuu wa Tanzania. Mashahidi waliokuwa bado hai, wazee sasa, walisikilizwa upya. Katika ripoti zilizofuata, Othman aliandika kwamba inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje, na akazitaka nchi kubwa zifungue makabati yao ya siri.

Wachoma makala hawakuwa na saa wala simu. Lakini kama mtu mmoja usiku ule angeandika kwa uaminifu walichokiona, saa ngapi, upande gani, ndege ngapi, dunia isingengoja nusu karne kuanza kuwasikiliza.

Mpaka uko wapi?

Ukiweka visa hivi pamoja, mpaka unaonekana. Ndege iliyokwisha kutua na kuondoka ni habari. Ndege inayokuja ni uhai wa watu. Waandishi waliomhesabia Biya siku zake walihesabu safari zilizokwisha. Daftari za Ulaya zilizofichua safari za CIA zilikuwa za siku zilizopita. Lakini aliyerusha kombora Kigali, na aliyerusha Kindu, walihitaji habari ya dakika ileile.

Anayepinga atasema kwamba mamilioni walimfuata Pelosi saa kwa saa, na hakuna aliyekufa. Ni kweli. Lakini ndege yake ilikuwa inalindwa na jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani, na aliyekuwa anatazama alikuwa kitandani kwake. Anayeandika kutoka Kavumu kwamba "mkubwa anatua saa nane" anawaweka hatarini abiria, wauza ndizi wa kando ya uwanja, na yeye mwenyewe. Wale wawili waliokufa ardhini mwaka 2012 hawakupanda ndege yoyote.

Kwa hiyo, kwa wakaaji wa Bukavu, Kabare, Kalehe na kwingineko, tunaweka hapa mambo machache ya kushika.

Usipige picha ya uwanja, askari, au ndege ya jeshi, iwe ya upande wowote. Hakuna picha inayolingana na uhai wako. Mwandishi wa habari aombe ruhusa ya maandishi, na kikundi chake kijue aliko.

Usitangaze safari ya kiongozi kabla haijaisha, hata kama umeambiwa na ndugu anayefanya kazi uwanjani. Utamfungisha na yeye.

Ukitumiwa picha ya ndege, usiisambaze kabla ya kuuliza. Namba yake inasomeka? Ni ya nchi gani? Ukiitafuta namba hiyo kwenye intaneti, unakuta picha ya miaka mingapi nyuma? Milima iliyo nyuma ya ndege ni ya kwetu kweli? Jua liko upande gani, na saa inayotajwa inalingana nalo? Picha nyingi zinazosemwa kuwa za Kavumu zingeanguka kwenye maswali hayo matano.

Ukiona jambo zito angani, ndege ikiwaka, ikianguka, ikishambulia, jisalimishe kwanza. Kisha, ukiwa mahali salama, andika kwa mkono: tarehe, saa, mahali uliposimama, upande ilikotoka na ilikokwenda, injini ngapi, rangi gani, sauti gani, nani mwingine aliona. Andika ulichokiona peke yake, na uache ulichoambiwa. Weka karatasi hiyo mahali pasipofikika kirahisi. Siku ya kuitoa inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa baada ya miaka.

Na kwa viongozi, wa Kinshasa na wa kwingineko, raia wana madai yao. Hakuna anayeuliza saa ya safari yenu. Wanachouliza ni ndege imegharimu kiasi gani, ni ya nani, imekaguliwa lini, na mlisafiri mara ngapi mwaka uliopita. Majibu hayo hayamwongozi mrusha kombora yeyote. Yakitolewa kwa wakati, pengine hata hamu ya kuwachungulia ukutani itapungua.